Hela Iliyozikwa na Neno Lililobaki

Walimu wa lugha tumezoea kudhani kwamba kazi yetu huanzia kitabuni na kuishia ubaoni. Neno twalitafuta katika kamusi. Tukilikosa twamwuliza mzee. Na mzee asipolijua twaliacha. Mara chache twakumbuka kwamba maneno mengine yalikuwa vitu kabla ya kuwa maneno tu, na kwamba vitu hivyo bado vimo ardhini, chini ya migomba na mihogo, vikingoja jembe la mkulima. Katika makala haya twakusudia kueleza habari za vyuma vidogo vilivyofukuliwa Muyinga na kuletwa kwetu Gitega tuvisome, na kuonyesha kwa nini twaamini kwamba kuvisoma vyuma vya namna hiyo ni sehemu ya kazi ya mwalimu wa Kiswahili.

Yafaa kwanza msomaji aelewe hali iliyoleta ufukuaji huo. Nchi yetu ya Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, wakayaleta Gitega. Hawakukaa sana. Mwezi wa Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wabelgiji yaliingia mjini, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Kutokana na kuondoka huko kumezaliwa imani iliyoenea toka kwetu hadi pwani ya Tanzania, kwamba Mjerumani hakuweza kuchukua mali yake yote, hivyo aliizika, akaweka alama na kuahidi kurudi. Watu huchimba kando ya maboma ya zamani, chini ya miti mikubwa, hata makaburini. Wako wanaosema kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu ya ajabu, kwamba ikisogezwa karibu na mchele huuvuta kama sumaku ivutavyo msumari. Penye imani kama hiyo hapakosi mtu wa kula kwa jasho la mwingine.

Basi mtu wa namna hiyo alifika kwa shemeji yetu huko Muyinga. Alikuwa na mashine ya kutafutia vyuma, ile yenye mpini mrefu na duara mwishoni, iliayo inapopitishwa juu ya chuma kilichofukiwa. Alitaka malipo kabla ya kazi. Shemeji aliuza mbuzi wanne. Kwa siku mbili mashine ililia na vijana wakachimba, migomba ikang'olewa, na shamba la nyuma ya nyumba likawa kama limepitiwa na nguruwe. Kilichopatikana hakikujaa kofia. Mwenye mashine alikitazama, akasema mali imehama kwa sababu ardhi haikutambikiwa, akataka malipo ya pili. Shemeji alipokataa, mtu yule alifunga mashine yake akaenda zake.

Juma lililofuata shemeji alipanda gari hadi Gitega na kuviweka vitu vile mezani petu, vimefungwa katika pembe ya kitenge. Alisema: "Mwalimu, wewe ndiwe msomaji wetu. Visome hivi. Kama ni dhahabu utaniambia, na kama si dhahabu utaniambia vilevile."

Tulivisoma kwa vyombo alivyo navyo kila mwalimu. Tuliviosha kwa maji matupu na kitambaa laini, bila mchanga wala limau, kwa maana anayeisugua shaba kwa mchanga huzifuta herufi zilizodumu miaka mia. Tulichukua sumaku iliyotolewa katika redio mbovu tukaipitisha juu yake: chuma hushika, shaba haishiki. Tulitazama kutu: ya chuma ni nyekundu, ya shaba ni kijani. Kisha kila kitu kilichokuwa bapa tulikifunika kwa karatasi nyembamba na kusugua juu yake kwa penseli iliyolazwa. Herufi zisizoonekana kwa macho hujitokeza zenyewe karatasini. Watoto wa shule hulijua jambo hili kama mchezo, lakini kwa kazi hii ni elimu.

Vitu vitano kati ya vile vilikuwa misumari, mmoja wao wenye pande nne, kazi ya mfua chuma na si ya kiwanda. Kimoja kilikuwa kiduara cha shaba chenye kikonyo nyuma, ambacho mwenye mashine alikiita kipuli cha malkia. Kikonyo kile ni cha kupitishia uzi: kilikuwa kifungo cha koti. Havihitaji maneno zaidi.

Kitu cha saba kilitusimamisha. Kilikuwa sarafu yenye tundu katikati, na pembe za ndovu zimepinda kulizunguka tundu. Karatasi ilionyesha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Afrika Mashariki, na jina la mfalme George wa Sita. Hiyo ni senti kumi, fedha ya Waingereza iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo kwa jina hilo la mfalme haikupigwa kabla ya 1937. Mbelgiji hakuitumia huku. Ilifikaje Muyinga? Shemeji alijibu mwenyewe kabla hatujauliza. Babu yake alikuwa miongoni mwa Warundi wengi waliovuka mpaka kwenda kulima mashamba ya watu huko Buganda, na aliporudi alileta baiskeli, blanketi na maneno ya Kiswahili aliyoyapenda kuliko vyote viwili. Tundu la sarafu ile lilikuwa la kupitishia kamba. Mtu aliyesafiri kwa miguu aliweza kuzitunga senti zake kama shanga na kuzifunga kiunoni. Shemeji aliishika sarafu ile muda mrefu bila kusema kitu.

Kitu cha nane kilikuwa na pembe sita, na tembo upande mmoja. Hiyo nayo ni sarafu yenye habari zake. Ni faranga mbili za Kongo ya Wabelgiji, ya mwaka 1943. Mwaka huo Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, kwa hiyo sarafu za koloni zilipigwa Philadelphia, Marekani, na kuletwa Afrika. Ruanda-Urundi ilitumia fedha za Kongo, na ndiyo sababu kipande cha shaba ya manjano kilichozaliwa Marekani kwa ajili ya vita vya Ulaya kilikuja kupotea chini ya mgomba wa Muyinga.

Na sasa twafika kwenye kitu cha tisa, ambacho ndicho hasa kilichotufanya tuandike. Kilikuwa kidogo kuliko vyote, duara ya shaba iliyopiga weusi. Upande mmoja penseli ilitoa taji, na juu yake maneno ya Kijerumani yenye maana ya Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, na chini mwaka: 1908. Upande wa pili, ndani ya duara la majani, tarakimu moja na neno moja. Tulimpa shemeji karatasi alisome mwenyewe. Alisoma herufi kwa herufi: H, E, L, L, E, R. Kisha akacheka kwa sauti, akasema: "Amahera!"

Hakukosea hata kidogo. Hadi mwaka 1904 rupia ya Mjerumani iligawanywa katika pesa 64, kama zilivyokuwa hesabu za Bahari ya Hindi. Mwaka huo Wajerumani waliibadili hesabu wakaigawa rupia katika sehemu mia, na kila sehemu wakaiita Heller. Jina hilo ni la zamani kwao. Latokana na mji wa Hall ulioko kusini mwa Ujerumani, ambako sarafu ndogo ilipigwa katika karne za kati ikaitwa kwa jina la mji. Lakini Wajerumani wenyewe, nyumbani kwao, wakati huo walihesabu kwa Pfennig. Heller ilikuwa imekwisha kuwa neno la kale huko, wakaliokota na kulipeleka ng'ambo.

Huku neno hilo lilipata maisha mapya. Kiswahili kiliipokea heller kikaifanya hela, na baada ya muda hela haikuwa tena sehemu moja ya mia ya rupia, bali fedha yoyote. Kirundi nacho kililipokea. Kwa kuwa Kirundi hakina sauti ya l, hela ikawa hera, na kwa kuwa vitu vingi vinavyohesabika kwa wingi huingia katika ngeli ya ama-, tukapata amahera. Rupia imekwisha, taji limekwisha, utawala ulioipiga sarafu ile umekwisha tangu 1916. Mama auzaye maharagwe sokoni Gitega hulitaja jina la mji wa Hall mara mia kwa siku, wala hajui, wala watu wa Hall hawajui.

Mwanafunzi wetu mmoja, kijana mwerevu, aliwahi kudai darasani kwamba amahera hutokana na kitenzi cha Kirundi guhera, yaani kuisha. Hoja yake ilikuwa tamu: amahera huitwa hivyo kwa sababu hayadumu mfukoni. Darasa zima lilimshangilia, na hatukuwa na jambo la kumwonyesha ila kamusi, ambayo wanafunzi huiona kuwa ni maneno ya mtu mwingine tu. Tulipoipeleka darasani sarafu ile ya 1908 pamoja na karatasi na penseli, hatukusema neno. Kila mmoja alisugua na kusoma. Kijana yule alisoma mara mbili, kisha akasema kwamba kitenzi chake bado ni kweli kwa mfuko wake, ila si kweli kwa asili ya neno. Hilo ndilo somo la etimolojia lililofanikiwa kuliko yote tuliyowahi kufundisha, na vifaa vyake vyote vingeweza kukaa katika kisanduku cha kiberiti.

Mwalimu akitaka aweza kuendelea kwa njia hiyo hiyo. Pesa ni paisa ya Wahindi. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa yake ya shaba yenye picha ya mizani, na Kampuni ya Wajerumani ikatoa yake tangu 1890, yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja ili wafanyabiashara waiamini. Fedha ni Kiarabu, nayo maana yake ya kwanza ni madini yenyewe. Thumuni ni sehemu moja ya nane. Faranga ilikuja na Wabelgiji, nayo ndiyo sarafu ya Burundi hata leo. Mfukoni mwa Mswahili mmoja wamekaa Mhindi, Mwarabu, Mjerumani, Mfaransa na Mwingereza, nao hawagombani.

Lakini habari hii ina upande wake wa huzuni. Kitu cha mwisho katika kitenge cha shemeji hakikuwamo. Alituambia kwamba mashine ililia kwa nguvu mahali pamoja, vijana wakachimba shimo refu, wakatoa mabonge meusi, mazito, yenye matundu kama mkate uliochacha, pamoja na makaa mengi na vipande vya udongo uliookwa. Mwenye mashine aliyapiga teke. Tulimwomba shemeji atupelekee bonge moja, naye alilileta safari ya pili. Lilikuwa mavi ya chuma, taka inayobaki mawe ya chuma yanapoyeyushwa katika tanuri.

Yaani nyuma ya nyumba ile, kabla ya Mbelgiji, na kabla ya Mjerumani, wahunzi walisimamisha tanuri wakavukuta. Katika nchi zetu kazi hiyo ni ya kale sana. Mwaka 1983 watafiti Van Grunderbeek, Roche na Doutrelepont walichapisha kitabu juu ya zama za kwanza za chuma nchini Rwanda na Burundi, na umri wa matanuri waliyoyachimba waliupata kwa kuyapima makaa yaliyokuwamo, kwa njia ya kaboni. Hayo ndiyo maarifa yake: bonge peke yake halisemi mwaka, makaa yaliyolala pamoja nalo ndiyo yasemayo. Na makaa ya shemeji yalikwisha kutupwa, yakachanganywa na majivu ya jikoni na majani ya migomba. Katika mali yote iliyokuwa nyuma ya nyumba ile, iliyokuwa na thamani kubwa kuliko zote ndiyo iliyopigwa teke. Babu zetu walitoa mahari kwa majembe. Chuma ndicho kilichokuwa mali yao, na hapo ndipo kilipotengenezwa. Aliyetafuta mali ya Mjerumani aliiharibu mali ya Mrundi.

Wasomaji wetu wa pwani wanazo habari zinazofanana na hizi. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ndogo kama ukucha. Nyingi hazina mwaka. Lakini zina jina la sultani, na maneno ya upande mmoja yana kina kimoja na maneno ya upande wa pili, kana kwamba ni ubeti mfupi uliopigwa katika shaba. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Alizitia koponi. Mwaka 1979 zilifika mbele ya wataalamu, ikaonekana kwamba nne ni za Waholanzi na tano ni za Kilwa. Sarafu ya Waswahili huko Australia! Jina la sultani lilisomeka. Lakini nani alizipeleka, na lini, hakuna wa kujibu, kwa kuwa mchanga uliozishika haukuchunguzwa siku ile zilipoinuliwa. Isenberg angalau alikumbuka mahali, na alama aliyoitia katika ramani ndiyo iliyowawezesha watu kurudi kutafuta. Walio wengi hawaachi hata hiyo.

Kuna na jambo jingine ambalo mwalimu wa Burundi hana ruhusa ya kulinyamazia. Si kila chuma kilichomo ardhini mwetu ni cha babu. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha vyuma vyake pia, na mashine hulilia guruneti kwa sauti ile ile inayoililia hela. Mtoto anayefundishwa kupenda vitu vya zamani ni lazima afundishwe siku hiyo hiyo kwamba chuma asichokijua, hasa kilicho na umbo la yai au la mrija, hakishikwi, hakigongwi wala hakiletwi shuleni. Hukiacha palepale, huweka alama mbali kidogo, na kumwita mtu mzima aende kuwaarifu wenye mamlaka. Somo hili tulitangulize kabla ya yote tuliyoyasema hapo juu.

Shemeji aliuliza mwishoni kama hela ile yaweza kurudisha mbuzi wake. Tulimweleza ukweli: hela za namna ile zilipigwa kwa mamilioni, na mnunuzi mwaminifu hatatoa hata bei ya mguu wa mbuzi mmoja. Alikaa kimya, kisha akatuomba tumwandikie katika karatasi majina ya vitu vyote tisa, na la mavi ya chuma, na mahali kila kimoja kilipotoka, ili awasomee wanawe. Tuliandika nakala mbili kwa Kiswahili, moja ikabaki kwetu.

Kutokana na karatasi hiyo twatoa pendekezo kwa walimu wenzetu wa Gitega, Muyinga na kokote lisomwako jarida hili. Kila shule iwe na daftari moja la vyuma. Mkulima au mwanafunzi anapoonyesha kitu salama kilichotoka ardhini, kiandikwe: kimeonekana wapi, kwa kina cha mkono au cha goti, pamoja na nini, siku gani, na wazee wa hapo wakiitaje. Kichorwe au kisuguliwe kwa penseli. Kama kuna makaa, vigae au mavi ya chuma, shimo lisipanuliwe, na habari zipelekwe kwenye Makumbusho ya Taifa yaliyopo hapa Gitega tangu 1955. Kitu chenyewe kirudi kwa mwenyewe, kwani hatukusanyi mali za watu. Twakusanya majina na mahali pake, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajapita na mizani yake, maana huyo hupima kila kitu kwa kilo, na tanuri lake halisomi herufi.

Kazi hii haihitaji mashine. Yahitaji penseli, subira, na mtu anayejua kuandika sentensi iliyo wazi. Na walimu wa lugha hatuna udhuru wa kusema kwamba hatunavyo. Wahenga walikwisha kutuonya zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.